"Maziwa Yangu Hayatoshi": Maswali ya Akina Mama Kliniki

Mtoto anyonye hadi lini?
Maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi.

Mbona wengi huishia njiani?
Kazi, kwanza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa aliyeajiriwa likizo ya miezi 3 yenye mshahara. Na huyo ana nafuu: anayefua nguo za watu Eastleigh au kuuza soko la Gikomba, hapa Nairobi, hurudi baada ya wiki chache, mtoto akabaki dei kea na chupa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, ila bado napokea akina mama wanaokamulia chooni. Wengine huachishwa na vidonda vya chuchu, ambavyo mara nyingi hupona tukishamrekebisha mtoto anavyoshika ziwa.

Lakini sababu ninayoisikia kila siku ya kliniki ni hii hapa.

Maziwa yangu ni kidogo, analia sana. Nimpe uji?
Hapana. Mtoto hulia kwa baridi, kwa usingizi, kwa kutaka kupakatwa. Tazama nepi: baada ya wiki ya kwanza, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda, anashiba. Titi kuwa laini si kuwa tupu.

Maziwa huja kadiri yanavyonyonywa. Ukimpa uji asubuhi, mchana hanyonyi. Asiponyonya, mwili unapunguza. Jioni unaniambia, "Si nilisema hayatoshi?" Mama, umeyapunguza wewe.

Basi maji kidogo tu, kuna joto?
Hapana. Maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji. Ninayeletewa ni mtoto wa miezi 2, ameharisha siku tatu, macho yameingia ndani, na nikiuliza alipewa nini naambiwa, "Maji tu, daktari." Maji tu!

Shosho amesema glukosi na dawa ya tumbo ya chupa.
Hapana. Msalimie shosho, umwambie apike, afue, akupokee mtoto uoge. Hiyo ndiyo dawa ya maziwa.

Nikirudi kazini?
Kamua kwenye chombo safi chenye kifuniko. Hukaa muda wa saa nne nje, siku nne kwenye friji. Mlezi ampe kwa kikombe. Chupa ni ngumu kusafisha. Usiku mnyonyeshe kila anapotaka.

Nije kliniki lini?
Siku ile unayofikiria uji, kabla ya kuupika. Tumpime uzito, tuone anavyonyonya. Wengi huja wiki tatu baadaye, maziwa yakiwa yamekauka kweli.

Akiwa mlegevu, anakataa ziwa, anaharisha au hakojoi, usipitie duka la dawa, usisubiri Jumatatu. Njoo saa hiyo, hata usiku, hospitali yoyote iliyo karibu. Na titi lako likivimba ukapata homa, njoo pia, huku ukiendelea kumnyonyesha titi hilo hilo.