Upanga wa kilo moja na nusu: dhana potofu kuhusu wanaoigiza vita vya Zama za Kati

Ukimwona mtu mzima mwenye kazi yake ya ofisini amevaa chapeo na dirii, yuko kwenye uwanja wa nyasi huko Uingereza anagonga ngao ya mwenzake, ni rahisi kusema amerukwa na akili. Hilo tuliache. Dhana zinazofaa kusahihishwa ni nyingine, na nyingi tumezipata kwenye sinema, si kwa vikundi vyenyewe.

"Wote ni walewale"

Si kweli, na ukiwachanganya watakununia. Society for Creative Anachronism, kikundi cha Marekani, ilianza Berkeley, California, mwaka 1966, kama sherehe ya uani. Leo imegawanyika katika "falme", na mfalme hupatikana kwa kuwashinda wenzake ulingoni. Panga zao ni za henzerani. Hakuna refa wa kuhesabu mapigo: aliyepigwa ndiye anayekiri kwamba limempata, na likimpata mguuni anaendelea kupigana akiwa amepiga magoti. Regia Anglorum ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1986, inabana upande mwingine: viatu, mshono wa nguo, chungu cha kupikia, vyote vinatakiwa viwe na ushahidi. Wapo pia wanaojifunza kutoka kwenye vitabu vya mafunzo vya enzi hizo. Na wapo watu wa buhurt, wanaojifunga chuma mwili mzima na kutwangana timu kwa timu, anayeanguka ametoka.

"Upanga ulikuwa mzito, ulitaka jitu la miraba minne"

Upanga wa mkono mmoja ulikuwa na kilo moja na kitu. Ule mrefu wa mikono miwili, kilo moja na nusu hivi. Panga nzito kupindukia zilizopo kwenye makumbusho mara nyingi ni za kubebwa kwenye maandamano ya wakubwa, hazikwenda vitani. Kitabu cha kale zaidi tunachokijua cha mafunzo ya upanga Ulaya, cha Ujerumani cha takriban mwaka 1300, kimehifadhiwa Royal Armouries, makumbusho ya silaha huko Leeds, Uingereza. Kinaonyesha kasisi akimfundisha mwanafunzi kutumia upanga na kingao kidogo, na kurasa za mwisho anaingia mwanamke aitwaye Walpurgis, naye kashika upanga. Kwa hiyo anayenung'unika kwamba wanawake wameingizwa kwenye vikundi hivi kwa ajili ya mambo ya kisasa, amechelewa miaka 700.

"Aliyevaa chuma akianguka hainuki"

Ile picha ya shujaa kupandishwa farasi kwa winchi ni uzushi mtupu. Mavazi kamili ya vita ya karne ya 15 yalikuwa na kilo 20 hadi 25 kwa kawaida, na uzito wake ulisambaa mwilini, haukuning'inia mabegani. Jemadari Mfaransa Boucicaut, aliyetekwa na Waingereza kwenye vita vya Agincourt mwaka 1415, anasimuliwa na mwandishi wa maisha yake kwamba alipiga sarakasi akiwa ndani ya chuma, na kwamba alipanda ngazi kwa upande wake wa chini kwa mikono tu. Mwandishi wa kusifu ni mwandishi wa kusifu, lakini leo waigizaji wanakimbia, wanalala na kuinuka mbele ya watazamaji.

Ila wasikuongopee kwamba ni mepesi kama kanzu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwapandisha waigizaji wazoefu wa Royal Armouries kwenye mashine ya kukimbilia wakiwa wamevaa nakala za mavazi hayo. Nguvu waliyotumia ilikuwa kama mara mbili ya kawaida. Sababu moja ilikuwa miguuni: chuma kilichofungwa kwenye mapaja na miundi kinabidi kiinuliwe kila hatua. Nyingine ilikuwa kifuani, maana mtu hawezi kuvuta pumzi ndefu, anabaki kuhema haraka haraka.

"Pambano la nguvu zaidi ndilo la kweli zaidi"

Hapa ndipo hata mashabiki wakubwa wanapoteleza. Buhurt ina kishindo kuliko zote na watu huvunjika mifupa, lakini kanuni zake zinakataza kuchoma na kupiga nyuma ya goti. Sasa, mtu aliyevaa chuma kizuri ulimuuaje zamani? Kwa kumkata? Upanga hauli bamba la chuma. Vitabu vya karne ya 15 vinaonyesha mpiganaji ameshika upanga wake katikati ya wembe, kwa mkono wa kushoto, ili aelekeze ncha kwapani, usoni, au nyuma ya goti. Yaani palepale panapokatazwa leo. Kanuni hizo ni za busara, watu wana watoto nyumbani, lakini pambano linalobaki ni mchezo wenye mantiki yake, na mbinu zinazoshinda humo si lazima zilishinda vitani.

Ushahidi wa vita halisi upo: makaburi ya halaiki ya waliouawa kwenye vita vya Visby, Uswidi, mwaka 1361, yalitoa mifupa ya watu zaidi ya 1,100, na majeraha ya miguuni ni mengi. Ngao inalinda kiwiliwili, muundi unabaki wazi.

Kosa jingine la aina hiyo ni video za majaribio ambamo kisu kinapenya shati la pete za chuma kama karatasi. Angalia pete zenyewe. Katika shati la kweli la Ulaya ya wakati ule, kila pete imeshikana na nyingine nne, na pete zote, au angalau nusu yake, zimefungwa kwa ribiti ndogo iliyopondwa kwa nyundo. Nakala ya bei nafuu ina pete zilizokunjwa tu, ncha ikigusa ncha, ukizisukuma zinafunguka. Hapo umepima duka ulilonunua, hukupima vita.

"Maskini wote walivaa kahawia"

Hapana. Mizizi ya mimea ilitoa nyekundu, majani mengine njano, na Ulaya ilikuwa na mmea wake wenye rangi ileile ya nili. Vikundi makini vina rangi hadi macho yanauma.

"Ufundi ni pambo la watalii"

Nenda Guédelon, Burgundy, Ufaransa. Tangu mwaka 1997 wanajenga ngome ya mtindo wa karne ya 13 msituni, kwa mawe yaliyochimbwa hapohapo. Mawe hupandishwa kwa winchi ya mbao inayozungushwa na watu wanaotembea ndani ya gurudumu. Kupata skwea, mwashi hatafuti kifaa: anachukua kamba yenye mafundo 13 kwa nafasi sawa, anaivuta kuwa pembetatu ya 3, 4 na 5, na kona imekaa. Watalii wanalipa kiingilio, ndiyo, na fedha hiyo ndiyo inayoendesha kazi. Lakini kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua Aprili 2019 na ikaamuliwa paa lirudishwe kwa mialoni iliyochongwa kwa shoka, maseremala waliopitia Guédelon walikuwa miongoni mwa walioitwa.

"Haya ni mambo ya Wazungu"

Kuvaa dirii, labda. Kujaribu ufundi wa kale kwa mikono, hapana. Oman walijenga Jewel of Muscat kwa kufuata mabaki ya merikebu ya karne ya 9 iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Mbao zilishonwa kwa kamba za usumba bila misumari, na mwaka 2010 chombo kikasafiri kutoka Muscat hadi Singapore. Ushonaji wa jamii hiyo ndio uliounda mtepe wa pwani yetu, na swali ambalo maandishi hayajibu vizuri, kwamba chombo kilichoshonwa kinavuja kiasi gani na kinavumiliaje bahari iliyochafuka, hujibiwa na mabaharia waliomo ndani yake.

Walioko Ulaya wanaweza kujionea: Grunwald, Poland, kila Julai, kwa vita vya mwaka 1410, Visby mwezi Agosti, na Oktoba kwenye mji wa Battle, Uingereza, ambako Harold, mfalme wa Uingereza aliyeuawa vitani hapo mwaka 1066, hushindwa mwaka baada ya mwaka. Wahi asubuhi upite kwenye mahema ya mafundi kabla ya vita, uliza maswali yote unayotaka. Wanapenda kuulizwa, hasa kuhusu viatu.