Jua la Louisiana halizuii maji kupanda

"Kaka, nimeangalia hali ya hewa, wiki nzima ni jua. Hema tutaliweka pale chini kabisa, watoto wavue samaki." Simu hiyo imetoka Houston, mwezi wa nne. Kila mwezi wa nne napigiwa simu kama hiyo, na safari hii nimechoka kuijibu kwa mdomo.

Pale anapotaka kuweka hema ni bonde la mto Atchafalaya, huku Louisiana, na bonde hili halijazwi na mvua inayokunyeshea wewe. Kule Old River, mito inapokutana, kuna malango ya maji yaliyokamilika mwaka 1963, na kazi yake ni kugawa maji: ukijumlisha maji ya Mississippi na ya Red River, asilimia 30 huingia Atchafalaya. Kwa hiyo theluji iliyoyeyuka Minnesota na mvua iliyonyesha Ohio zitafika mlangoni pa hema lako wiki kadhaa baadaye, jua likiwa utosini. Mtu wa Garissa hahitaji kuelezwa haya. Ameona Tana ikifurika kwake bila tone kudondoka, kwa sababu kumenyesha Mlima Kenya na Aberdare. Sasa mbona tukivuka bahari tunasahau?

Kabla ya kutazama mawingu, fungua tovuti ya USGS, idara ya serikali ya Marekani inayopima mito, usome kipimo cha maji cha Butte La Rose, ndani ya bonde hili. Namba ya leo peke yake haitoshi. Tazama siku kumi zilizopita, uone maji yanapanda au yanashuka.

Linalonikera kuliko yote ni hili la "tusogee mbali na mto tuwe salama". Huku, ukiukimbia mto, wewe ndiye unayeteremka! Mto unapofurika, mchanga na udongo mzito hutua kwanza pale pale ukingoni. Tope laini ndilo linalokwenda mbali. Miaka na miaka ukingo unakuwa tuta, na nyuma yake kunabaki kinamasi kilicho chini zaidi. Nimewahi kuikuta familia imelala hatua mia mbili kutoka kwenye bayu, yaani kijito cha maji ya polepole, imeridhika kabisa, na alfajiri maji yakawajia kwa nyuma, upande ambao hawakuwa wakiutazama.

Miti inakwambia haya yote ukiisoma. Penye mialoni mikubwa pana nafuu. Penye misaipresi, miti ya kinamasi yenye shina lililovimba chini na magoti ya mizizi yaliyochomoza ardhini, maji husimama hapo kwa miezi. Tafuta mstari wa tope kwenye magome. Ukikufika kifuani, hapo si pa kulala, hata kama ardhi leo ni kavu kama sakafu.

Tuta hilo hilo la ukingoni nyoka nao wanalitaka, tembea na tochi. Na wale sisimizi wekundu wanaouma kama moto, maji yakipanda hushikana wakawa kama chelezo, malkia katikati, wakaelea. Usiwasukume kwa kasia. Wataupanda mpini hadi mkononi.

Mamba? Usiwalishe, usiparue samaki kambini, watoto wasichezee ukingoni jioni. Basi. Vimbunga ni Juni hadi Novemba, fuatilia taarifa.

Hata kipimo kina mipaka yake, na vitabu vya safari havilisemi hili. Kampuni za mafuta zilichimba mifereji ndani ya bonde, na udongo uliotolewa ukabaki matuta yanayoyazuia maji huku na kuyaharakisha kule. Nimeona upande mmoja wa tuta maji yanapanda, upande wa pili yametulia tuli. Hakuna hesabu inayonipa saa ya maji kufika kwangu. Ndiyo maana jioni nachomeka kijiti ukingoni, nakitia alama kwa kisu usawa wa maji, nakitazama kabla ya kulala na tena usiku wa manane. Alama ikizama, tunafunga mizigo gizani, hakuna mjadala.

Ndugu wa Houston nimemwambia aje mwezi wa kumi, maji yakiwa chini. Akisema lazima aje sasa na watoto, basi aende msitu wa Kisatchie, huku huku Louisiana: zaidi ya ekari 600,000, misonobari juu ya vilima, na hema lake litakuwa mbali na mto wowote unaobeba theluji ya Minnesota.