Jumapili Iliyorushwa Jumanne: yanayosemwa na yaliyokuwa kuhusu kipindi kimoja cha Hancock

Nje mvua. Ndani, watu wameshakula chakula cha mchana, wamejaa sebuleni, na hawana pa kwenda. Mmoja anashusha pumzi. Kimya. Anashusha nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Anauliza saa ngapi. Anajibiwa saa nane mchana. Saa nane tu? Alidhani ni zaidi.

Ndivyo kinavyoanza "Sunday Afternoon at Home", kipindi cha 14 katika mfululizo wa tano wa Hancock's Half Hour, vichekesho vya redio ya BBC vya mchekeshaji Tony Hancock. Jina lake maana yake ni alasiri ya Jumapili nyumbani, na ndani yake hamna zaidi ya hilo. Hakuna mwizi wala urithi wa mjomba, na hakuna bomu linalokaribia kulipuka. Kuna uchovu wa kukaa bure, mwayo, ugomvi mdogo mdogo, na jirani anayekuja kupiga soga na kuongeza balaa.

Kwa kuwa kinasikika kama kipaza sauti kilichosahauliwa kikiwa wazi nyumbani kwa watu, kimeandamwa na madai mengi ambayo si ya kweli. Mengine niliyameza mwenyewe kabla ya kuyachunguza.

Dhana: kilirushwa Jumapili alasiri, saa ileile watu wakiwa wamekaa hivyohivyo.

Ingependeza, lakini hapana. Kilirushwa kwa mara ya kwanza Jumanne, tarehe 22 Aprili 1958, kwenye idhaa ya Light Programme, kama vingine vyote vya mfululizo ule. Aliyekisikia siku ile alikuwa ametoka kazini, na Jumapili aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka jino lililomuuma juzi. Naona ilifaa zaidi hivyo: maumivu huchekesha yakishapoa.

Dhana: waigizaji walikaa mbele ya vipaza sauti wakajisemea tu.

Hili ndilo kubwa, na ndilo lenye uonevu zaidi, kwa sababu linawanyang'anya jasho lao watu wawili ambao sauti zao hazisikiki. Kila guno la Hancock liliandikwa na Ray Galton na Alan Simpson. Walikutana mwishoni mwa miaka ya 1940, wakiwa vijana wadogo, katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Milford, Surrey. Enzi hizo tiba ya maradhi hayo ilikuwa hasa kulala na kungoja, miezi kwa miezi. Walipitisha muda kwa kusikiliza redio, kisha kwa kuiandikia redio ya ndani ya hospitali. Sijui kama kuna chuo bora kuliko hicho kwa mtu atakayekuja kuandika juu ya alasiri isiyokwisha.

Namna yao ya kuandika inajulikana vizuri. Walikaa chumba kimoja, Simpson akiwa kwenye taipureta, na hakuna sentensi iliyopigwa chapa mpaka wote wawili wawe wameikubali. Hancock mwenyewe hakuwa mtunzi, na hakuwa mtu wa kuongeza lake njiani. Kipaji chake kilikuwa katika kuusoma muswada kwa namna ambayo msikilizaji haamini kama kuna muswada. Chukua malalamiko yake kuhusu mapishi ya Miss Pugh, karani wake katika hadithi, aliyechezwa na Hattie Jacques. Anasema alidhani mama yake ndiye mpishi mbaya, lakini angalau mchuzi wa mama yake ulikuwa ukitembea; huu umelala tu pale, unaganda. Ukisikiliza haraka utasema ni maneno ya mtu yeyote aliyeshiba vibaya. Ukirudia utaona kuwa tusi linaanza kwa mama na kumalizikia kwenye sahani, na neno linalochekesha limewekwa mwisho, linapotakiwa. Jambo kama hilo halitokei kwa bahati.

Wengine husema kimya cha kipindi hiki kilitokana na waigizaji kusahau maneno. Kwenye redio hakuna anayesahau maneno. Karatasi anayo mkononi. Kimya kile kilipangwa, na kilihitaji moyo, maana redio ikinyamaza msikilizaji hushuku kifaa chake kimeharibika. Vichekesho vingi vya wakati ule viliogopa nafasi tupu. Vilijazwa wanamuziki katikati, sauti za ajabu, na misemo ileile ya kila wiki ambayo hadhira ilishangilia hata kabla haijamalizika. Galton na Simpson walitaka nusu saa moja bila nyimbo za kukatiza, hadithi moja ya watu wanaozungumza kama watu. Sitasema walifanikiwa kila wiki, kwani hadithi zao za mwanzo, tangu programu ilipoanza tarehe 2 Novemba 1954, zina vurugu nyingi tu, na mwigizaji Kenneth Williams aliingia mara kwa mara na ile sauti yake ya puani iliyopendwa sana. Ila siku ile ya Aprili walifika walikokuwa wakienda.

Hapa wasomi wa tamthilia hupenda kudakia kuwa mtindo huo wa kunyamaza ulichukuliwa kwa Harold Pinter. Tazama kalenda. Tamthilia yake ndefu ya kwanza, The Birthday Party, ilioneshwa mara ya kwanza Cambridge tarehe 28 Aprili 1958. Hancock alikuwa ameshapiga miayo yake hewani siku sita kabla.

Dhana: Jumapili ile imetiwa chumvi.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, Jumapili ni siku ya watu kutembeleana, harusi, mpira na ufukwe. Anaposikia mtu mzima akilia kwamba hana la kufanya, atajiuliza kwa nini asitoke. Jibu lake limo katika vitabu vya sheria.

Kwa kawaida baa za Uingereza zilifungwa saa nane mchana siku ya Jumapili, hazikufunguliwa tena mpaka saa moja jioni. Rudi sasa kwenye mwanzo wa kipindi: saa ngapi? Saa nane. Mtu wa London mwaka 1958 hakuhitaji kuelezwa ubaya wa saa hiyo. Na angekuwa Wales, sehemu kubwa ya nchi hiyo baa hazikufunguliwa Jumapili kutwa, tangu sheria ya mwaka 1881. Maduka mengi yalibanwa na sheria ya mwaka 1950, na kamba hiyo haikulegezwa vya kutosha mpaka 1994. Kumbi za maigizo zilikuwa zimefungwa kwa sheria ya karne ya 18 na zilipata ruhusa ya Jumapili mwaka 1972. Sinema zilifunguliwa pale tu eneo lilipokubali, chini ya sheria ya 1932. Mpira wa kulipwa je? Mechi za kwanza za Kombe la FA kuchezwa Jumapili zilingoja mpaka Januari 1974, nchi ilipokuwa na shida ya umeme.

Kwa hiyo Hancock anapolalamika kuwa ng'ambo ya bahari, kwingineko Ulaya, Jumapili ndiyo siku ya watu kufurahi, hakuwa anajidekeza. Alikuwa anatoa taarifa. Na anapoanza kuona sura za watu kwenye maua ya karatasi ya ukutani, yule anayedhani huo ni utunzi wa mbali hajawahi kufungiwa ndani na mvua pamoja na watu aliokwisha kuwachoka.

Dhana: yule Hancock wa redioni ndiye Hancock mwenyewe.

Waandishi walifanya makusudi kuwachanganya. Mhusika anaitwa Anthony Aloysius St John Hancock. Mtu halisi aliitwa Anthony John, akazaliwa Birmingham tarehe 12 Mei 1924 na kukulia Bournemouth. Mhusika hana kitu na anaishi nambari 23 Railway Cuttings, East Cheam, anwani iliyobuniwa kwa ajili ya programu. Cheam lenyewe ni eneo la kweli, kusini mwa London. Mtu halisi alikuwa miongoni mwa wachekeshaji waliojulikana zaidi Uingereza nzima. Kinachonishangaza kuliko yote ni umri: siku kipindi kinarushwa alikuwa na miaka 33. Ile sauti ya mzee aliyekata tamaa na dunia ni ya kijana.

Hancock alijiua Sydney, Australia, mwezi Juni 1968, akiwa na miaka 44, baada ya miaka ya ulevi na ya kazi kuharibika. Tangu hapo wapo wanaokisikiliza kipindi hiki kama waraka wa kuaga, kana kwamba kila pumzi ni dalili. Si haki, kwake wala kwa waandishi. Mwaka 1958 alikuwa kwenye kilele, na pumzi zile aliandikiwa. Alikuja kuachana na Galton na Simpson mwaka 1961, na wengi huhesabu kuporomoka kwake tangu hapo.

Dhana: Sid James, mwigizaji mwenzake Hancock katika sebule ile, alikuwa mtoto wa mjini London.

Kicheko chake kama mchanga kwenye sufuria, na maneno yake ya vichochoroni, yaliwaaminisha Waingereza wenyewe. Alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1913, akawahi kufanya kazi ya kutengeneza nywele huko, na alifika Uingereza mwishoni mwa 1946. Bill Kerr, yule Mwaustralia mzito wa kuelewa, naye alizaliwa Afrika: Cape Town, mwaka 1922, kisha akahamishiwa Australia akiwa mtoto. Basi katika sebule ile inayosifiwa kuwa ya Kiingereza kupita zote, wawili walizaliwa bara letu. Sijaona wengi wakilitaja.

Dhana: vicheko ni vya kubandika.

Hapana. Kulikuwa na hadhira ya kweli mbele ya waigizaji. Sikiliza jinsi kicheko kinavyopanda katikati ya kimya, pale ambapo hakuna neno lililosemwa. Hakiji palepale, kinajikusanya kidogo kidogo. Watu wale walimwona pia usoni, na uso wa Hancock ulikuwa nusu ya kazi. Sisi wa redioni tunapata nusu iliyobaki na bado inatutosha.

Dhana: kipindi chake maarufu zaidi cha redio ni kile cha kutoa damu.

Hata mashabiki wa muda mrefu huteleza hapa. "The Blood Donor", ambamo Hancock anaambiwa atatoa painti moja ya damu naye anapaaza sauti kwamba hiyo ni karibu mkono mzima, hakikuwa cha redio. Kilikuwa cha televisheni, kilichooneshwa tarehe 23 Juni 1961, redio ikiwa imeshamalizika tangu Desemba 1959. Sid James hakuwemo tena. Hancock alikuwa amepata ajali ya gari siku chache kabla na hakuweza kukariri maneno, ikabidi ayasome kwenye vibao vilivyowekwa nyuma ya kamera. Ukitazama macho yake utaona hayamwangalii anayezungumza naye.

Mkanganyiko umetoka wapi? Kwenye santuri. Kampuni ya Pye ilitoa "Sunday Afternoon at Home" kwenye santuri mwaka 1960. Mwaka uliofuata Hancock aliingia studio kurekodi upya "The Blood Donor" kwa sauti peke yake, nayo ikatoka na kampuni hiyohiyo. Familia zikaweka zote mbili kwenye rafu moja. Mtoto aliyezisikia nyumbani kwao hakuwa na sababu ya kujua kuwa moja ilianza kwenye picha.

Dhana: BBC wamehifadhi kila kitu.

Laiti. Vipindi vya redio vya Hancock vilikuwa zaidi ya 100, na takriban 20 havijulikani viliko. Kanda zilikuwa ghali, zikafutwa zitumike tena, na hakuna aliyedhani kuna mtu angetaka kusikia mzaha wa miaka ya 1950 katika karne nyingine. Miswada yenyewe ilibaki. Ndiyo maana kuanzia 2014 BBC waliweza kuvirudia baadhi yake, mwigizaji Kevin McNally akichukua nafasi ya Hancock. Nilipovisikiliza hivyo vipya nilivipenda, maneno ni yaleyale, lakini kimya chake ni kifupi kidogo, au basi ni masikio yangu.

Cha Jumapili kilinusurika. Ukikipata, weka saa mkononi na upime ile pumzi ya kwanza hadi ya pili.