Kusasisha BIOS kwenye kompyuta ya mezani iliyoundwa kiwandani: maana yake na kinachotokea ndani

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta, prosesa haijui lolote kuhusu Windows, faili zako wala diski yenyewe. Inachojua ni kwenda mahali pamoja palipotengwa na kuanza kusoma maagizo yaliyopo hapo. Maagizo hayo ndiyo yanayoipima RAM, yanayoamsha kioo na kibodi, yanayoitafuta diski, kisha yanakabidhi kazi kwa Windows au Linux. Programu hiyo ya kwanza kabisa ndiyo fimwea ya mazabodi, yaani programu iliyohifadhiwa kwenye bodi kuu ya kompyuta, na mafundi wengi huiita BIOS tu. Kuisasisha ni kulifuta toleo la zamani la programu hiyo na kuandika toleo jipya mahali pake.

BIOS ilianza na mfumo wa CP/M wa Gary Kildall katika miaka ya 1970, ikaenea duniani na kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981. Iliyomo ndani ya mashine za leo ni UEFI, iliyotokana na kazi ya Intel mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu 2005 inasimamiwa na jumuiya ya kampuni iitwayo UEFI Forum. Hata hivyo Dell na HP wenyewe bado wanaandika neno BIOS kwenye faili wanazotoa, kwa hiyo nami nitaiita hivyo.

Jambo linalowapotosha wengi ni mahali inapokaa. BIOS haiko kwenye diski. Iko kwenye chipu ndogo iliyobandikwa juu ya mazabodi, mara nyingi yenye miguu minane, na ukubwa wake kwa mashine za miaka ya karibuni huwa MB 16 au 32. Ndiyo maana kupiga Windows upya hakuigusi kabisa, wala kubadilisha diski nzima. Muuzaji anaweza kukupa mashine yenye SSD mpya na Windows iliyopigwa jana, huku BIOS yake ikiwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani mwaka 2018. Hata betri ya kidonge ya CR2032 haiitunzi BIOS. Hiyo hulinda saa, na kwa mashine nyingi hulinda mipangilio uliyochagua. Ikifa, tarehe inarudi miaka ya nyuma, lakini programu yenyewe inabaki salama kwenye chipu yake.

Faili moja ya BIOS hubeba vitu vingi. Ndani yake mna maikrokodi ya prosesa, yaani marekebisho ya namna prosesa inavyotekeleza maagizo. Mna sehemu ya kulinda uwashaji. Mna orodha ya prosesa ambazo mashine inazitambua. Mna na kanuni za lini feni iongeze kasi. Sasisho moja laweza kugusa hivyo vyote.

Sasa tuje kwenye mashine zilizoundwa kiwandani, yaani OptiPlex za Dell, EliteDesk na ProDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo. Ndizo zinazojaa kwenye maduka ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, nyingi zikiwa zimetumika maofisini Ulaya kabla ya kufika huku. Anayejiundia kompyuta hununua mazabodi peke yake, na akihitaji BIOS humwendea mtengenezaji wa mazabodi. Kwenye mashine ya kiwandani mambo ni tofauti: BIOS ni ya mashine nzima. Dell wanaiandaa wakijua kasha ni lipi, feni ni zipi na pawasaplai ni ya aina gani. Mazabodi yenyewe huenda ilitengenezwa kwa mkataba na kiwanda kingine, na jina la kiwanda hicho pengine limechapwa juu yake. Hilo lisikushawishi kwenda kutafuta BIOS kwake. Faili sahihi ya OptiPlex inatoka Dell, ya EliteDesk inatoka HP, basi.

Njia ya uhakika ya kuipata ni kutumia namba ya mashine. Dell wanaiita Service Tag, ina herufi na tarakimu saba, na imebandikwa kwenye kasha. HP na Lenovo nao wana namba zao. Jina la modeli pekee halitoshi, kwa sababu mashine mbili zenye jina moja, moja ya kasha kubwa na nyingine ile ndogo ya kufunga nyuma ya kioo, zaweza kuwa na mazabodi tofauti kabisa. Namba hiyo haiko kwenye stika tu. Imeandikwa pia ndani ya chipu ya BIOS. Kwenye mashine ya mtumba ni vizuri ulinganishe hizo mbili, maana kasha laweza kuwa limebadilishwa njiani. Zikitofautiana, ifuate ile iliyo ndani.

Kuna mambo ambayo sasisho haliwezi kuyafanya, na ni vema yasemwe waziwazi. Halitaongeza kasi ya kazi zako za kila siku. Wala halitakufungulia mlango wa kuweka prosesa yoyote unayotaka. Mwaka 2022, kwa mfano, kampuni ya AMD ilifungua njia ya prosesa zake za Ryzen 5000 kufanya kazi kwenye mazabodi za zamani za X370 na B350, na watengenezaji wa mazabodi za rejareja wakatoa BIOS za kuwezesha hilo. Mwenye mashine ya kiwandani hakuwa na haki ya kutegemea hivyo hivyo: prosesa zinazotambuliwa ni zile ambazo mtengenezaji wa mashine alizikubali.

Basi kwa nini ujisumbue? Usemi wa zamani wa mafundi ni kwamba kama mashine inawaka vizuri, BIOS usiiguse. Ushauri huo ulikuwa na busara enzi zake. Leo siuungi mkono, na sababu yangu kubwa ni yaliyotokea mwaka 2018.

Januari ya mwaka huo zilitangazwa kasoro mbili, Spectre na Meltdown, zilizomo ndani ya muundo wenyewe wa prosesa. Programu moja iliweza kuchungulia kumbukumbu isiyo yake, nywila zikiwemo. Marekebisho mengine yalikuja kupitia Windows, lakini sehemu ya tiba ya Spectre ilihitaji maikrokodi mpya, na njia yake kuu ya kufika kwenye prosesa ilikuwa BIOS. Hata hivyo tarehe 22 Januari 2018 Intel yenyewe iliwaomba watengenezaji wasimamishe usambazaji wa matoleo ya mwanzo, kwa sababu mashine zenye prosesa zake za vizazi vya Broadwell na Haswell zilikuwa zinajizima na kujiwasha ovyo. Matoleo yaliyorekebishwa yakaja baadaye. Hapo pana mafunzo mawili kwa pamoja: sasisho la BIOS ni suala la usalama wa kweli, na si lazima uwe wa kwanza kulipakua siku lilipotoka. Subiri wiki chache, isipokuwa mtengenezaji mwenyewe ameliweka kwenye daraja la dharura.

Mfano wa pili unauma zaidi. Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikumbwa na tatizo la kuomba volti kubwa kupita kiasi, na kidogo kidogo zikaharibika. Intel ilitoa maikrokodi 0x129 Agosti 2024, ikifuatiwa na 0x12B Septemba, na zote zilipitia masasisho ya BIOS. Marekebisho hayo yanazuia uharibifu usiendelee. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Mwenye mashine ya aina hiyo aliyebaki na BIOS ya zamani kwa sababu inawaka vizuri, huenda anaipoteza prosesa yake polepole bila kujua.

Tatu ni vyeti vya Secure Boot, ulinzi unaokagua programu zinazoiwasha kompyuta. Microsoft ilivitoa mwaka 2011, na vinaanza kuisha muda Juni 2026, nafasi yake ikichukuliwa na vya mwaka 2023. Kompyuta haitagoma kuwaka kwa sababu hiyo, ila isiyo na vyeti vipya itakosa masasisho yajayo ya kulinda hatua ya uwashaji. Watengenezaji wamekuwa wakiviingiza vyeti hivyo vipya kwenye BIOS za mashine wanazoendelea kuzihudumia.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu mashine ya mtumba ni huu: isasishe BIOS mara moja ukishainunua, kabla hujaweka kazi zako humo. Baada ya hapo, soma maelezo ya kila toleo jipya, uchukue lile lenye marekebisho ya usalama au linalotibu tatizo ulilo nalo.

Kujua toleo ulilonalo ni kazi nyepesi. Kwenye Windows, andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, utaona toleo na tarehe yake. Kwenye Linux, amri ni sudo dmidecode -s bios-version. Ukishapata faili ya mashine yako, waweza kuifungua ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote. Kwa Dell, mimi napendelea kuiweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, kuwasha mashine huku nikibonyeza F12, na kuchagua BIOS Flash Update, kwa sababu pale hakuna antivirusi wala programu nyingine ya kuingilia kati. HP wana menyu yao ya F10. Watumiaji wa Linux wana fwupd, inayochukua faili kutoka hazina ya LVFS ambako Dell na Lenovo huweka masasisho ya mashine zao nyingi.

Mashine kwanza inakagua sahihi ya kidijitali ya faili, ijue kweli imetoka kwa mtengenezaji. Kisha inajizima na kujiwasha, na kazi ya kufuta na kuandika inaanza. Feni zinaweza kuvuma kwa nguvu zote. Kioo kinaweza kuwa cheusi kwa dakika kadhaa, na mashine ikajiwasha zaidi ya mara moja. Mtu asiyejua huingiwa na hofu hapo na kubonyeza kitufe cha kuzima, na hilo ndilo kosa lenyewe. Iache.

Hatari kubwa ni umeme. Laptopu ina betri, tena programu ya kusasisha hukataa kuanza mpaka chaja ichomekwe. Kompyuta ya mezani haina akiba yoyote. Umeme ukikatika wakati chipu imefutwa nusu, ukiiwasha tena prosesa itaenda kusoma maagizo yake ya kwanza na kukuta hayajakamilika. Tumia UPS, na uijaribu kabla: chomoa waya wa ukutani mashine ikiwa imewaka kawaida, uone kama betri inaibeba kweli. UPS nyingi za maofisini zina betri zilizokufa zamani bila mwenyewe kujua. Kama huna, peleka mashine kwa fundi mwenye nayo. Usibahatishe, hasa msimu wa mvua.

Kabla ya kuanza, angalia BitLocker, yaani ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo. Chipu ya usalama ya TPM inatambua kwamba BIOS imebadilika, na Windows ikiwaka yaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Windows 11 iliyoingizwa kwa akaunti ya Microsoft yaweza kuwa imeifunga diski kimya kimya, kwa hiyo usiseme hujawahi kuweka BitLocker. Utafute ufunguo kwenye akaunti yako kwanza, kisha usimamishe ulinzi huo kwa muda.

Kuna mtego mwingine ambao nataka uujue mapema. Dell nyingi hutoka kiwandani diski ikiwa imepangwa RAID, ilhali mafundi wengi huibadilisha kuwa AHCI wakati wa kupiga Windows; hizo ni namna mbili za mashine kuwasiliana na diski. BIOS ikirudi kwenye mipangilio ya kiwandani baada ya kusasishwa, Windows itaanguka na kioo cha bluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mtu hudhani diski imekufa na kupiga Windows upya, faili zikapotea. Dawa yake ni kuingia kwenye BIOS na kurudisha AHCI. Piga picha za kurasa zote za mipangilio kwa simu kabla hujaanza.

Na ikishindikana kabisa? Mashine za kiwandani za miaka hii zina njia ya kujiokoa. Kwa Dell nyingi unabonyeza Ctrl na Esc pamoja wakati wa kuwasha, kwa HP ni kitufe cha Windows na B, na mashine inatafuta nakala nzuri kwenye diski au kwenye flashi uliyoiandaa. Hiyo ikigoma, fundi mwenye CH341A, kifaa kidogo cha kusoma na kuandika chipu, anaweza kuishika chipu kwa klipu na kuiandika upya moja kwa moja. Hapo dai jambo moja: asome kilichobaki kwenye chipu na kukihifadhi kabla ya kufuta chochote. Humo mna namba ya mashine yako, mara nyingi anwani ya kadi ya mtandao, na ufunguo wa Windows uliolipiwa pamoja na mashine. Akikuwekea nakala iliyochukuliwa kwenye kompyuta nyingine bila kuhamisha taarifa hizo, mashine itawaka, lakini itajitambulisha kwa namba ya mashine nyingine, na leseni yako ya Windows haitakuwemo tena.