Anayesema hawezi kupumua hadanganyi: dhana potofu kuhusu kuwadhibiti wahamiaji wanaorudishwa makwao

Mimi ni daktari ninayewafundisha wasindikizaji wa wahamiaji huduma ya kwanza, na sijapata darasa ambalo halina mtu wa kuniambia kwamba anayepaza sauti akilia kuwa hawezi kupumua anaigiza, kwani asingekuwa na pumzi asingesema. Hoja hii imenichosha.

Sauti huhitaji hewa kidogo tu ipite kooni. Mtu mzima aliyetulia huvuta takribani mililita 500 kwa pumzi moja, na kama 150 kati ya hizo huishia kooni na kwenye mirija, bila kufika kwenye vifuko vya mapafu ambako damu hupata oksijeni. Kwa hiyo mwenye pumzi fupifupi anaweza kulalamika kwa sauti kubwa huku akiishiwa oksijeni, maana sehemu kubwa ya kila pumzi yake haifiki kwenye vifuko hivyo. Mfunge mtu pingu kwa nyuma na mkanda wa kiti, umwinamishe mpaka kifua kikaribie mapaja, na tumbo litakisukuma juu kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, mbavu zitashindwa kutanuka, naye atafurukuta akitafuta hewa, jambo ambalo mlinzi huliona kuwa ni ukaidi na kuzidi kumkandamiza. Jimmy Mubenga, raia wa Angola, alifariki Oktoba 12, 2010, baada ya kudhibitiwa akiwa na pingu na mkanda ndani ya ndege ya kwenda Luanda iliyokuwa bado katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, na abiria walimsikia akisema hawezi kupumua.

Kwamba aliyenyamaza ghafla ametulia ni upuuzi: mwinue kwanza, umwachie kifua, kisha uhesabu pumzi zake.

Wapo pia wanaodai kwamba anayegoma kuondoka amejitakia, hivyo nguvu ya dola dhidi yake haina kikomo. Miongozo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu ndege za pamoja za kuwarudisha wahamiaji inataka nguvu inayotumika isihatarishe uwezo wa mtu kupumua kama kawaida, hata akigoma.

Dhana ya mwisho ni kwamba walinzi watatu wa Mubenga, waajiriwa wa kampuni binafsi yenye mkataba na serikali ya Uingereza, walisafishwa kabisa walipoachiwa Desemba 2014 katika kesi ya kuua bila kukusudia. Lakini Julai 2013 jopo la raia katika uchunguzi wa kifo hicho lilikuwa limeamua, kwa kura 9 dhidi ya 1, kwamba aliuawa kinyume cha sheria.