Je, wajua kwa nini kituo cha roketi hupenda bahari kuliko ukuta?

Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilipaa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, huko Amerika Kusini. Sekunde 40 hivi baadaye ikapinda ghafla, ikaanza kukatika, na mtambo wake wa kujilipua ukafanya kazi ikiwa mita 3,700 hivi angani. Vipande vikatawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 12. Hakuna aliyeumia. Waliotaabika ni waliotumwa kuviokota, kwa sababu karibu eneo lote lilikuwa mikoko na nyika yenye tope.

Wengi wetu tukisikia ulinzi wa kituo cha roketi tunafikiria mtu asiifikie roketi. Sawa, lakini kuna kazi nyingine, na kwangu mimi ndiyo nzito zaidi: roketi nayo isimfikie mtu.

Ndiyo maana mahali huchaguliwa kwanza, uzio hufuata. Ufaransa ilikuwa ikirushia roketi zake Hammaguir, katika jangwa la Algeria. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, Wafaransa walijua watatakiwa kuondoka, wakaanza kutafuta kwingine. Orodha yao ilikuwa na sehemu 14, zikiwemo Mogadishu na Shelisheli. Kourou ikashinda mwaka 1964. Ipo nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Vimbunga havifiki, watu ni wachache, na kuanzia kaskazini hadi mashariki mbele yake ni Atlantiki tupu. Vipande vya chini vya roketi vikiisha mafuta hudondoka baharini.

Hesabu hiyohiyo Waitaliano waliifanya kwetu. Jukwaa lao la San Marco lilisimamishwa majini kabisa, mkabala na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Kenya. Kuanzia 1967 hadi 1988 roketi ziliruka kutoka hapo. Moja iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikibeba setilaiti ambayo kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru.

Turudi Kourou. Eneo la kituo ni kilomita za mraba zipatazo 700, pungufu kidogo ya nusu ya kisiwa cha Unguja. Upande wa bara kuna vinamasi, kisha msitu mnene wa Amazonia. Mtu anayetaka kupenya kwa huko atembee siku kadhaa na mzigo wake wa maji, kwenye makazi ya chui wa Amerika na chatu wa majini. Hata hivyo msitu haukuachiwa kazi peke yake. Kikosi cha 3 cha askari wa miguu cha Legioni ya Kigeni, tawi la jeshi la Ufaransa linaloandikisha wageni, kilichohamishiwa huko kutoka Madagaska mwaka 1973, hupiga doria humo. Siku ya kurusha, helikopta zenye wadunguaji huwa angani, meli za kivita baharini, na wavuvi hutakiwa kukaa mbali. Hata zimamoto wa kituo ni wanajeshi, wa kikosi cha Paris.

Karibu na pwani kuna visiwa vitatu, Îles du Salut, vilivyokuwa gereza la kutisha. Kimojawapo ndicho kisiwa cha Shetani alikofungwa kapteni Dreyfus, afisa wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa uhaini. Enzi hizo bahari ilizuia watu wasitoke. Leo watalii huenda huko kupunga upepo, ila roketi ikitakiwa kupita juu yao, huondolewa kwa boti.

Darubini ya anga za juu ya James Webb ilipopelekwa Kourou kwa meli mwaka 2021, tarehe ya safari ilifichwa, sababu mojawapo ikiwa hofu ya maharamia. Ilifika salama, ikarushwa siku ya Krismasi, na kituo cha Malindi kikawa miongoni mwa vilivyopokea mawimbi yake ya mwanzo.

Lakini mwaka 2017 kinga zote hizo zilipitwa kando. Wananchi wa Guyana ya Ufaransa, wamechoshwa na uhalifu, hospitali duni na ukosefu wa ajira, waliweka vizuizi kwenye mzunguko wa barabara mbele ya lango la kituo. Mwezi Machi Ariane 5 ikashindwa kutolewa kwenye jengo lake kwenda kurushwa. Aprili wawakilishi wao wakaingia ndani kwa mazungumzo, wakagoma kutoka, wakalala humohumo. Wale legionea, rada na helikopta havikuwa na la kufanya. Serikali ikatia saini makubaliano, vizuizi vikaondolewa, na roketi ikaruka tarehe 4 Mei.