Kabla hujalipia hoteli, uliza meli inatoka gati lipi

Basi lililoandikwa "Lamu" halifiki Lamu. Linaishia Mokowe, barani, na kutoka hapo unatafuta boti. Sisi wa huku tunalijua hilo tangu utotoni. Lakini mtu huyohuyo anayemcheka mgeni aliyekwama Mokowe na masanduku yake, mpe tiketi ya meli ya kitalii iliyoandikwa "Roma" umwone: atalipia hoteli karibu na Colosseum na kulala raha mustarehe. Meli hizo hazifiki Roma. Ziko bandari ya Civitavecchia, kilomita kama 70 kutoka mjini.

Mimi ni wakala wa safari hapa Malindi, na wanaoniuliza habari za meli hizi ni wazee waliostaafu, maharusi, na familia zenye wakwe Italia, ambazo katika mji huu zimejaa tele. Swali la kwanza karibu kila mara ni "mwanangu, hoteli gani nzuri?" Hoteli huwa naiweka mwisho. Kwanza tujue bandari, kisha jengo la abiria ndani ya bandari hiyo, ndipo tutafute pa kulala.

Kampuni za meli huuza mji kwa sababu mji ndio wenye jina. Nani ataota kwenda Le Havre? Basi huandika Paris, ilhali kati ya miji hiyo kuna kilomita zipatazo 200. "London" mara nyingi ni Southampton, pengine Dover au Tilbury. "Florence" ni Livorno. "Orlando" ni Port Canaveral. Venice ndiyo iliyobadilika kuliko zote: tangu Agosti 2021 serikali ya Italia imepiga marufuku meli kubwa, zile zinazozidi tani 25,000, kupita mbele ya uwanja wa San Marco, katikati ya mji. Safari inayouzwa kwa jina la Venice leo inaweza kuanzia Marghera kwenye viwanda, au Trieste, au Ravenna. Trieste ni kama saa mbili kwa treni. Aliyelala Venice akidhani atatembea kwa miguu hadi melini ataianza siku kwa kukimbilia stesheni.

Hata jina la bandari likiwa sahihi, kazi bado. Southampton ina majengo matano ya abiria. Ocean na Queen Elizabeth II yako upande wa mashariki. City, Horizon na Mayflower upande wa magharibi, ambako ndiko pia kilipo kituo kikuu cha treni. Barcelona, jengo la World Trade Center, ambako zamani meli zilipokewa kwa wingi zaidi, liko karibu na sanamu ya Columbus, unaweza kuburuta begi lako hadi hapo. Gati refu la Moll Adossat liko ng'ambo ya daraja, na huko ni basi au teksi. Dubai, ambako wengi wetu hupaona rahisi kwa sababu ya ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi, ina bandari mbili za meli za kitalii: Mina Rashid, jirani na Bur Dubai, na Dubai Harbour, kule karibu na Marina na Palm Jumeirah. Kutoka moja hadi nyingine ni safari nzima ya teksi kukata mji, na saa za foleni utajuta. Mwenye kupandia Mina Rashid anaweza hata kulala ndani ya meli ya zamani, Queen Elizabeth 2, iliyotia nanga hapo na kufunguliwa kama hoteli mwaka 2018. Sisemi ni bei nafuu. Nasema ni karibu.

Sisi wenyewe tuna mtego wetu. Bandari ya Unguja iko mtaa wa Malindi, pembezoni mwa Mji Mkongwe. Mtu akiona "Malindi" kwenye karatasi yake akaitafuta kwenye tovuti ya hoteli, anaweza kuletwa kwetu Kenya, nchi nyingine kabisa. Ukisaidia jamaa kukata, hakikisha nchi iliyoandikwa ni Tanzania kabla hajabonyeza kulipa.

Ukipata safari inayoanzia Mombasa, bandari yako ni Kilindini, na abiria wa meli za kitalii hupokewa gati namba 1. Usiichanganye na Bandari ya Kale, upande wa Fort Jesus, ile ya majahazi. Ukiwa Mji wa Kale ukamwambia mtu wa tuktuk "bandarini" tu, usishangae akikufikisha huko. Sasa angalia hoteli. Ramani itakuonyesha ya Likoni ikitazamana na Kilindini, kama kwamba ukinyoosha mkono utaigusa meli. Kati yenu pana mlango wa bahari na foleni ya feri. Diani ni mbali zaidi, ijapokuwa barabara ya Dongo Kundu sasa inakuepusha na feri kwa kukuzungusha. Nyali ni pazuri, lakini una daraja la kuvuka asubuhi pamoja na mji mzima. Mimi huwalaza wateja kisiwani, Kizingo, Ganjoni au upande wa Moi Avenue. Hakuna ufuo wa kujivunia hapo, na wengine hunung'unika. Wanung'unike.

Na anayetoka hapa Malindi asiseme "Mombasa ni kilomita 120 tu, nitaondoka alfajiri." Foleni ya Mtwapa, hapo njiani, haiulizi meli yako inaondoka saa ngapi.

Fika mji wa bandari siku moja kabla. Kwa nini? Ndege ikichelewa, shirika litakutafutia nyingine. Meli ikiondoka, hakuna nyingine ya jioni, na kupokea abiria hufungwa mapema, mara nyingi saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Gharama ya kuifuata bandari inayofuata ni yako, na bandari hiyo huenda iko nchi usiyo na viza yake.

Kwenye tovuti za hoteli, maneno "karibu na bandari" hayana maana mpaka ujue mlango gani wa bandari. Umbali unaoandikwa mara nyingi ni wa mstari ulionyooka, wa ndege, hausomi maji wala daraja. Weka anwani ya jengo la abiria kwenye ramani, kisha uombe njia ya gari. Basi la hoteli nalo uliulizie kwa maandishi: linafika bandarini, au ni la uwanja wa ndege tu? Wengi hugundua jibu asubuhi yenyewe. Kwa Civitavecchia, kuna mabasi ya kwenda melini kutoka kituo cha Largo della Pace, kwa hiyo chumba cha hapohapo Civitavecchia kinatosha kabisa.

Chagua chumba kinachoweza kufutwa bila faini, hata kikizidi bei kidogo. Bandari hubadilishwa. Tangu mashambulizi dhidi ya meli yaanze Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni kadhaa zimepanga upya njia zao. Durban nayo ina jengo jipya la abiria, Nelson Mandela, upande wa Point, lililochukua nafasi ya N-Shed. Maelezo mengi ya zamani mtandaoni bado yanakupeleka pa kale. Kwa Durban, Wakenya hatuhitaji viza kwa ziara fupi tangu Januari 2023, ila kadi ya homa ya manjano usiisahau mezani. Kwa Ulaya, meli ikitoka eneo la Schengen, tuseme ikapitia Tunis, kisha ikarudi, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Soma pia safari inaishia wapi. Nyingine huanza bandari moja na kumalizika nyingine, na begi uliloliacha hotelini litabaki hukohuko. Siku ya kushuka, usikate ndege ya kabla ya saa saba mchana, na ikiwa bandari iko mbali na mji, sogeza mbele zaidi. Ukitua Jomo Kenyatta jioni ilhali ndege yako ya Malindi au Manda (Lamu) inaondokea uwanja wa Wilson, lala Nairobi.